Kidonge cha Mapunye na Unga wa Kuku

Mapunye ya binti yangu hayakuwa ya kawaida. Ya kawaida tuliyajua. Kila mtoto wa Katesh aliyapitia kama anavyopitia darasa la kwanza: viduara viwili vitatu vyeupe, kujikuna, basi, yanaisha. Haya yalikuja na chuki. Yalianza nyuma ya sikio, padogo kama kifungo cha shati, yakatambaa, yakaungana, yakavimba, mpaka utosi wake ukainuka kushinda Mlima Hanang wenyewe, tena ukawa unatoa usaha. Nywele hukuhitaji kuzivuta. Ukizitazama kwa ukali zinang'oka. Mwalimu mkuu alimrudisha nyumbani na ujumbe wa mdomo: aje shule akiwa na kichwa cha mwanafunzi.

Ilikuwa wakati ule mkoa wetu mpya bado unanuka rangi. Vibao vyote vya ofisi vilivyoandikwa Arusha vilikuwa vinafutwa na kuandikwa Manyara, na kila aliyekuwa na brashi alijiita mkandarasi. Mimi nilikuwa fundi baiskeli pale karibu na stendi, na jioni nilikuwa mwanafunzi. Nilikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakinigusa kidevu, nikisoma kidato cha nne chini ya karabai pamoja na polisi mmoja, wauza nyanya na katekista. Mtihani nilikuja kuufaulu, na vizuri tu, nalisema mapema ili anayesoma hapa ajue anasimuliwa na mtu wa aina gani.

Vita vyenyewe vilikuwa kati yangu na mama mkwe.

Mimi ni mtu wa Bashay, kule Mbulu, watu wa jembe. Mke wangu katoka kwa wafugaji wa tambarare, boma lao liko mbele ya Mogitu, na mama yake hakuwahi kunisamehe kwa kuzaliwa mahali panapolimwa. Kiswahili alikuwa amejifunza mnadani, ndiyo maana kila alichoniambia kilisikika kama anakataa bei. Nikifika bomani nainama, nasema, "Shikamoo mama." Ananyamaza muda wa kutosha mbuzi kuzaa. Halafu ndipo anasema, "Marahaba," huku akiangalia baiskeli.

Mzee wake, baba mkwe, alikuwa amefariki miezi michache kabla. Kwenye msiba ule wajukuu wote walinyolewa kama desturi inavyotaka, na nilisimama pale nikaona: wembe mmoja, bakuli moja la maji, vichwa vinapita kama mahindi ya kupukuchuliwa. Kwa hiyo mapunye yalipotokea sikuhitaji mpelelezi.

"Ni wembe wako, mama," nilimwambia siku tulipompeleka binti bomani akaonwe, kwa heshima zote, macho chini.

"Wembe wangu?" akasema. "Mapunye ni ya mjini. Shule yenu hiyo, watoto wanalaliana kama mbuzi kwenye lori. Huku kwangu nani ana mapunye?"

Nyuma yake walisimama ndama wawili wenye miduara myeupe kuzunguka macho, mikubwa kama miwani ya waziri. Nikawaonyesha kwa kidevu.

"Hao ni ndama," akasema.

Mke wangu aliniomba ninyamaze. Nikanyamaza, na katika kunyamaza kwangu nikapoteza mtoto. Mama mkwe alitoa hukumu pale pale: kichwa kilinyolewa kwake, kitaponea kwake. Binti hatarudi Katesh. Na akaongeza lingine. Pombe ya asali ya kumalizia msiba wa mzee ilikuwa inaandaliwa. Siku ile ikinywewa, kama kichwa bado kinatoa usaha, atamwita mama wa chuma.

Mama wa chuma nilimjua. Alikuwa bibi mmoja wa ng'ambo ya bonde aliyetibu uvimbe kwa kuuchoma na chuma cha moto. Alikuwa na mkono mtulivu, na watu walimsifu, kwa sababu uvimbe kweli uliisha. Lakini nilimjua pia mwanamke mmoja pale sokoni, muuza vitunguu, aliyechomwa utosini akiwa mtoto. Hata kwenye joto la kupasua mawe hakuvua kilemba. Upepo wa Katesh ulikifungua siku moja, upepo unaoweza kumvua mtu mpaka jina, na nikaona: ngozi laini inayong'aa, hakuna unywele hata mmoja, na hautaota tena mpaka kiyama. Binti yangu alikuwa na miaka saba.

Basi nilikwenda kituo cha afya. Tabibu alikuwa mtu wa kusini, kaletwa kwetu na serikali, na aliichukia baridi yetu, vumbi letu na sisi wenyewe kwa usawa bila upendeleo. Hakuinua kichwa. Aliandika dawa, vidonge vya mapunye, griseofulvin, jina refu kama treni ya mizigo.

"Ameze kila siku," akasema. "Wiki nyingi. Msiache katikati kama mnavyoacha kila kitu. Na ameze na chakula chenye mafuta. Maziwa yasiyotolewa malai, siagi, nyama yenye mafuta. Akimeza na chai ya rangi atakuwa anakula chokaa."

Vidonge nilimpa mke wangu, naye akavipeleka bomani pamoja na maneno ya tabibu, neno kwa neno. Mke wangu hasahau kitu. Anakumbuka mpaka nilichosema nikiwa nimelala.

Zikapita wiki. Kila habari iliyokuja kutoka Mogitu ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Kichwa kimeongezeka. Shingo nayo imetoa matezi. Mtoto halali ubavu. Mama mkwe alituma salamu kwa kijana wa maziwa: "Mwambie msomi, dawa zake zinasalimia mapunye, haziyafukuzi."

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilikuwa nasoma baiolojia.

Wiki ile ile mwalimu wetu wa jioni alikuwa ametufikisha kwenye protini. Alichora ubaoni shanga nyingi zimefungwa pamoja, akasema kila shanga ni asidi amino, na kwamba mwili wote, nyama, nywele, kucha, umejengwa kwa shanga hizo. Niliposikia nywele nilisimama. Nikauliza kama dawa ya fangasi ikichanganywa na asidi amino haitapata nguvu maradufu. Mwalimu akasema hilo halipo kwenye mtihani. Yule polisi akacheka mpaka kofia ikaanguka. Lakini mimi tayari nilikuwa nimeshaona picha yote: dawa ni shoka, asidi amino ni mpini. Shoka bila mpini utalirusha tu.

Na acheni nilisemee hapa hapa. Majuzi binti huyo huyo, sasa mama wa watu, kanisomea kwenye simu yake kwamba wataalamu kwenye maabara kubwa za dunia wanajaribu jambo hilo hilo: kuchukua dawa ya fangasi na kuiunganisha na asidi amino ili iume zaidi. Nilimwambia asome tena kwa sauti, majirani wasikie. Wao wamefika huko na darubini. Mimi nilifika na kandambili, chini ya karabai, na nikachekwa na polisi.

Sasa, asidi amino utaipata wapi Katesh? Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye kuta nne alikuwa na duka. Dawa za watu, dawa za ng'ombe, mbegu, betri, vyote vilipangana. Kwenye duka la dawa za mifugo niliona kopo lenye picha ya jogoo anayeonekana kama ameshinda uchaguzi, na pembeni yake imeandikwa vitamini na asidi amino. Moyo wangu ulipiga kama nimeona jina langu gazetini.

"Una kuku wangapi?" akaniuliza mwenye duka.

"Ni mmoja," nikasema. "Anaumwa kichwa."

Aliniuzia, lakini kwa jicho baya. Kwa kuwa mimi ni mtu wa elimu na sipimi mambo kwa kubahatisha, nilikwenda na kopo langu moja kwa moja kwa tabibu ili anipe kipimo.

Tabibu alilishika kopo kwa vidole viwili. Akalizungusha. Akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akamtazama tena jogoo.

"Hii ni ya kuku," akasema.

"Asidi amino ni asidi amino, daktari. Haijui imeingia kwa nani. Kidonge ni shoka, hii ni mpini."

"Nani kakufundisha upuuzi huu?"

"Nasoma jioni, pamoja na polisi."

"Kumbe ndiyo maana. Giza limekuingia pamoja na somo." Akaliweka kopo sakafuni, mbali, kama lina mlipuko. "Sikiliza wewe, profesa wa baiskeli. Kidonge kile hakihitaji mpini wala shoka. Kinahitaji mafuta. Bila mafuta tumboni kinapita kama mgeni, hakiingii kwenye damu. Damu ndiyo inakipeleka kwenye mzizi wa unywele. Hiyo ndiyo siri yote. Ukimpa mtoto unga huu nitakuitia huyo polisi unayesoma naye. Anameza na maziwa?"

"Anameza."

"Umemwona?"

Nikaliinamia kopo langu sakafuni, nikalichukua.

"Umemwona kwa macho yako akimeza?" akarudia, na safari hii aliinua kichwa.

Sikuaga. Nilipanda baiskeli na kutoka Katesh kwa mwendo ambao magari ya Singida yalikuwa yananipisha. Kopo lilikuwa kwenye kapu la mbele, jogoo akitazama njia. Nilikuwa nalo bado kwa sababu sikuwa nimemwamini tabibu yote, nilimwamini nusu.

Bomani nilimkuta binti yangu amekaa juani, na kichwa chake kinang'aa. Siagi. Siagi ya njano, nene, imepakwa kuanzia kipaji mpaka kisogoni, nzi wanazunguka kama wamealikwa. Nilipomsogelea nikaona ndani ya siagi kuna chembechembe nyeupe. Nikazigusa. Nikanusa. Vilikuwa vidonge vyangu, vimesagwa.

"Shikamoo mama," nilisema, na hiyo ndiyo shikamoo ya hasira kuliko zote zilizowahi kutolewa katika wilaya ya Hanang.

Hakuitikia kabisa.

"Dawa hii ni ya kumeza. Mliambiwa. Na maziwa."

"Niliambiwa," akasema. "Nimesikia vizuri, sina masikio ya jembe. Lakini ugonjwa uko wapi? Uko kichwani. Tumbo limekosa nini mpaka liletewe dawa? Na maziwa yangu hayakutani na dawa ya duka ndani ya tumbo moja. Mtoto akinywa vyote viwili, ng'ombe aliyekamuliwa anakauka. Ulikuja kuniletea mapunye, sasa unataka na ng'ombe wangu wakauke?"

"Kwa hiyo wiki zote hizi hajameza hata kimoja?"

"Kimekwenda palipo na shida. Na mafuta nimeweka. Si ulitaka mafuta?"

Niwe mkweli kidogo: kwa mtu asiyejua njia ya damu, hoja yake ilikuwa imenyooka kuliko ya kwangu ya shoka na mpini. Kwao siagi ndiyo dawa ya ngozi, na kichwa cha mtoto ndipo mahali pake. Lakini siku ile sikuwa na nafasi ya kumsifu mtu. Nilipiga kelele. Nilisema maneno ambayo mkwe hasemi mbele ya mama wa mke wake, na shemeji zangu wawili, warefu kama nguzo za simu, wakatoka zizini na fimbo zao wakasimama tu. Hapo ndipo mama mkwe alipoliona kopo kwenye kapu.

"Hicho ni nini?"

"Ni kiongezeo. Cha kuipa dawa nguvu."

Alikuja karibu. Alimtazama jogoo muda mrefu.

"Unataka mjukuu wangu atage?"

Shemeji zangu walicheka mpaka fimbo zikawa ndizo zinazowashikilia. Kopo lilitoka mikononi mwake likaruka juu ya ua wa miiba, na sikulifuata. Tena hawa ni watu wasiokula kuku wala kuangalia yai. Kumleta jogoo pale ilikuwa kama kuleta nguruwe msikitini.

"Pombe tayari imeanza kuchemka," mama mkwe akasema. "Mama wa chuma nimeshamtumia habari. Chuma hakina kelele. Kinachoma, kinanyamaza, mtoto anapona."

"Anapona bila nywele! Nani atamwoa?"

"Wewe ulioa mwenye nywele. Umemfaidisha nini?"

Mke wangu, aliyeniona nikipita mbio, alikuwa amefuata nyuma kwa miguu, ndiyo kwanza anafika, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakumsalimia mtu. Alikwenda akakaa chini pembeni ya mtoto, akaanza kumfuta siagi kwa ncha ya kanga, taratibu, na mtoto akaanza kulia kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka kulia. Halafu mke wangu akamsemesha mama yake kwa lugha yao, na mimi, baada ya miaka yote ile, nilielewa kila neno.

"Yule mwekundu ni wa nani?"

Mama mkwe aligeuza macho zizini.

"Mama, yule ng'ombe mwekundu ni wa mahari yangu. Alitoka Bashay, kaletwa na huyu. Amezaa, ana maziwa. Mpe mtoto dawa kwa maziwa ya huyo. Akikauka, amekauka ng'ombe wa watu wa jembe. Wako hawajaguswa."

Huyo mwekundu alikuwa ng'ombe aliyetukanwa kuliko ng'ombe yeyote tangu dunia iumbwe. Siku nilipomleta, mama mkwe alisema kama angejua Mbulu wanafuga paka wakubwa angeleta kamba ndogo. Sasa alimtazama kule alikosimama, na niliona anapima. Kumkatalia binti yake ilikuwa ni kusema kwamba ng'ombe yule ana thamani. Kukubali ilikuwa ni kusema kwamba mimi nina haki.

"Huyo," akasema mwisho, "hata akikauka nani atajua?"

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo, kipya, ambacho hakijawahi kuguswa na maziwa ya ng'ombe mwingine. Akamkamua mwenyewe. Hakumruhusu mke wangu. Akampa mtoto kidonge kizima, katika vilivyobaki, mkononi na kibuyu mdomoni, na muda wote mtoto anakunywa alinitazama mimi, si mtoto.

"Mpaka siku ya pombe," akasema. "Na wewe usije ukanifundisha kukamua."

Nilikwenda kila siku. Nilifunga kibanda mapema, nikapiga pedali mpaka Mogitu na mbele yake, nikakaa nje ya ua nikimwona binti akimeza, nikarudi Katesh kwenye madawati ya watoto na vumbi la kupanda viazi mgongoni. Hakuna siku nilipewa kiti. Siku ya mvua mama mkwe alimwingiza ndama ndani akaniacha mimi. Nilifurahi tu. Nilikuwa naangalia kichwa. Kwanza usaha ulipungua. Halafu ukakauka ukawa gaga. Halafu gaga likaanza kubanduka lenyewe, na chini yake ngozi ikawa ya mtoto, si ya mtu aliyeungua. Mlima ukawa kichuguu, kichuguu kikawa tambarare. Ng'ombe mwekundu hakukauka. Kinyume chake alitoa maziwa kama anashindana na mto.

Hapo tena ugomvi ukazaliwa upya. Mama mkwe akatangaza mpaka mnadani kwamba mjukuu kaponywa na maziwa, dawa ilikuwa inasindikiza tu. Tabibu, nilipompelekea habari, akasema ni mafuta, alishasema ni mafuta, na sasa nimwachie wagonjwa wake. Nami nikamwuliza: maziwa si protini? Protini si asidi amino? Basi mtoto kameza dawa pamoja na asidi amino kila siku, mbele yangu, kwa kibuyu. Tabibu akanifungulia mlango, wa kutokea. Sisi watatu hatukuwahi kupatana juu ya jambo hilo, na mpaka leo sioni kwa nini nirudi nyuma.

Siku ya pombe mama wa chuma alikuja. Chuma kilikuwa motoni tayari, chekundu kwenye ncha. Wazee walikuwa wamekaa, kila mtu alikuwa anangoja. Alimweka binti yangu kati ya magoti yake, akakipapasa kichwa chote kwa dole gumba, akibonyeza, akisikiliza kama anayenunua boga. Mimi nilikuwa nimeshika spoku ya baiskeli bila kujua, ilipinda mkononi. Alibonyeza nyuma ya sikio. Palikuwa na nywele pale, fupi, laini, mpya. Mahali pamoja tu, padogo kama ukucha, palibaki wazi.

"Hapa sina kazi," akasema. Kisha akadai pombe yake kama aliyefanya kazi, akapewa.

Mama mkwe hakunipongeza. Alikitoa chuma motoni kwa mikono yake, akakitumbukiza kwenye maji, kikalia. Halafu akaniambia, "Mchukue."

Nilimwinamia. Nilimwita binti yangu. Binti yangu akasema, "Sitaki."

Hakutaka. Alikuwa amezoea kibuyu chake mwenyewe, ng'ombe wake mwenyewe, bibi wa kwake peke yake. Kule Katesh kulikuwa na chai ya rangi na shule iliyomfukuza. Alishikilia mguu wa mama mkwe kwa mikono miwili, na mama mkwe, kwa mara ya kwanza katika ukwe wetu, alinicheka usoni, meno yote nje. Alicheka mpaka wazee wakageuka. Kisha yeye mwenyewe akaifungua ile mikono, kidole kimoja kimoja, akamnyanyua mtoto na kumkalisha nyuma ya baiskeli yangu.

"Ng'ombe anabaki," akaniambia.

Tukaondoka. Mtoto alinipiga ngumi za mgongo kutoka bomani mpaka barabara kuu, bila kupumzika, huku akinitukana kwa lugha ya bibi yake. Ziliuma kweli. Sikumwambia aache.